Mirunda, fremu za chuma au mkanda: kuchagua kinga ya kuanguka kwenye ujenzi wa ghorofa Dodoma

Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, na hasa baada ya mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, ujenzi umekuwa ukienda kwa njia mbili ambazo kwa upande wa usalama zinatofautiana sana. Iko miradi mikubwa, kama majengo ya wizara katika Mji wa Serikali wa Mtumba na kiwanja cha ndege cha Msalato, inayosimamiwa na wakandarasi waliosajiliwa na wenye watu wa kushughulikia usalama peke yake. Kisha ziko nyumba za ghorofa moja au mbili zinazopanda Iyumbu, Ilazo, Nzuguni na Kisasa, ambako mwenye nyumba amekubaliana na fundi mkuu, fundi mkuu amewaita waashi na saidia fundi wanaolipwa kwa siku, na swali la watasimama juu ya nini watakapofika kozi za juu, yaani safu za juu za tofali, hujadiliwa siku ile ile kazi inapofika huko.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya kundi la pili. Unahusu njia tatu ambazo mwenye nyumba au msimamizi wa kawaida anaweza kuzipata Dodoma: jukwaa la mirunda, yaani miti mirefu ya ujenzi, jukwaa la fremu za chuma, na mkanda wa usalama unaovaliwa mwilini. Nimechagua hatari ya kuanguka kwa sababu ndiyo inayoua zaidi. Nchini Marekani, ambako vifo vya kazini huhesabiwa kila mwaka, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoongoza kwa vifo vya wajenzi, na mwashi aliyesimama mita sita juu ya ardhi pale Ilazo yumo katika hatari ile ile.

Kabla ya kulinganisha, kuna mpangilio mmoja unaotumiwa na wataalamu wa usalama kazini duniani kote ambao utasaidia kuamua. Hatari huondolewa kwanza kama inawezekana. Ikishindikana hubadilishwa kwa njia ya kazi yenye hatari ndogo zaidi. Kisha hujengewa kizuizi. Kisha huwekewa taratibu. Na mwisho kabisa ndipo mtu huvalishwa kifaa cha kujikinga. Kwa mpangilio huo, jukwaa lenye reli huja kabla ya mkanda, kwa sababu jukwaa humlinda kila anayepanda, awe anakumbuka au amesahau, ilhali mkanda humlinda yule tu aliyeuvaa na kuufunga sawasawa. Kwenye saiti nyingi mpangilio huu umepinduliwa: kofia na viakisi vinanunuliwa mwanzo, vinapigwa picha, halafu watu wanapanda juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye mirunda.

Jukwaa la mirunda

Mirunda ina sifa zake, na si haki kuidharau. Kila fundi anajua kuifunga. Inakatwa kwa urefu wowote, kwa hiyo inazunguka baraza, kona na ngazi ambazo fremu za chuma hazizifuati kwa urahisi. Jukwaa likishabomolewa, mirunda ile ile inatumika kushikilia slebu, na baadaye inauzwa au inahamishiwa saiti nyingine. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, ambapo mwashi hasimami zaidi ya mita mbili na nusu kutoka chini, jukwaa la mirunda lililofungwa vizuri linatosha.

Tatizo lake kubwa hapa kwetu ni ukavu, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mirunda mingi ni mikaratusi inayoshushwa ikiwa mbichi kutoka nyanda za juu, Mufindi na Njombe, ambako hewa ina unyevu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo hewa hubaki kavu kwa zaidi ya nusu mwaka. Mkaratusi mbichi ukiletwa mwezi Juni katika hewa hiyo hukauka haraka, husinyaa na kupasuka kwa urefu wake. Msumari uliopigwa kwenye mti mbichi hupoteza sehemu kubwa ya mshiko mti unapokauka, kwa kuwa nyuzi zilizokuwa zikiubana zimejivuta pembeni. Kwa macho jukwaa ni lile lile la siku ya kwanza, ila viungo vyake si vile tena.

Mwezi mmoja wa Septemba nilisimama chini ya jukwaa la namna hiyo Nzuguni. Msumari wa inchi nne uliokuwa umeshikilia fito ya mlalo kwenye nguzo ulitoka kwa vidole viwili, bila nyundo. Mti ulikuwa umepasuka kuufuata msumari, ufa mrefu kama mkono, na ukucha ulizama ndani yake. Juu walikuwa watu wanne wakipiga lipu, kila mmoja na karai lake. Nilipomwita fundi mkuu alinijibu kwa utulivu, "Mkuu, hili jukwaa lina miezi mitatu na halijamtikisa mtu." Nilimwomba aushike msumari mwenyewe. Aliushika, akautazama, akawaambia vijana washuke. Miezi mitatu aliyoitaja kama ushahidi wa uimara ndiyo ilikuwa muda uliotosha kukausha kila kiungo.

Kwa hiyo anayechagua mirunda Dodoma achague pia namna ya kuifunga. Kiungo kilichofungwa kwa waya au kamba kinaweza kukazwa upya kila wiki; kiungo cha msumari peke yake hakikazwi, kinapigiliwa msumari mwingine kando ya ufa ule ule. Mimi sikubali nguzo yenye kipenyo cha chini ya inchi tatu upande wake mwembamba, wala nguzo iliyounganishwa kwa kupandisha vipande viwili vilivyopishana kidogo na kupigiliwa misumari miwili. Fito za mshazari, zile zinazokatiza kutoka chini kwenda juu, ndizo zinazozuia jukwaa lisilale upande, na ndizo za kwanza kutolewa fundi anapotaka kupitisha toroli.

Nguzo nazo husimamishwa kwenye ardhi yenye mambo yake. Zikifukiwa, mchwa huanza kazi, na wiki chache zinatosha kula tabaka la nje bila mtu kuona kwa kuwa uharibifu uko chini ya udongo. Zisipofukiwa, zinahitaji ubao mpana chini yake. Viwanja vyenye udongo mweusi wa mbuga ni vya kuangaliwa zaidi, kwa sababu udongo huo hufura ukilowa na hupasuka ukikauka, hivyo nguzo zilizokuwa zimesimama sawa mwezi Novemba zinaweza kuwa zimezama kwa viwango tofauti kufikia Januari.

Kuna hatari moja zaidi ambayo nimeiona ikirudiwa mara nyingi kuliko zote. Siku ya kumwaga slebu mirunda haitoshi, na fundi anatoa fito za jukwaa ili azitumie kama nguzo za slebu. Au kinyume chake: slebu bado changa, jukwaa la kozi za juu linahitaji miti, na nguzo za slebu zinaanza kuchomolewa moja moja. Nguvu ya zege hupimwa katika siku 28, na muda wa kuondoa nguzo hupangwa na mhandisi kwa kuangalia upana wa slebu na mzigo ulio juu yake; uhaba wa miti si kigezo. Anayetumia mirunda kwa kazi zote mbili anunue ya kutosha kwa kazi zote mbili, na aitenge kwa rangi ili mtu asichanganye.

Jukwaa la fremu za chuma

Fremu za chuma zinapatikana kwa kukodi, na faida yake ya kwanza ni kwamba hazibadiliki. Fremu ya leo na fremu ya mwezi ujao ni moja, kama haijapinda wala kuliwa na kutu. Viungo vyake ni pini na mikasi, yaani vyuma vinavyokatizana kuunganisha fremu mbili, kwa hiyo kinachokaguliwa kinaonekana: pini ipo au haipo, mkasi umefungwa au umening'inia. Chini kuna vitako na jeki za kusawazisha, ambazo kwenye viwanja vya Dodoma vyenye miteremko midogo huokoa muda mwingi uliokuwa ukitumika kuweka mawe na vipande vya tofali chini ya nguzo. Tofali chini ya nguzo ya jukwaa halikubaliki hata mara moja, kwa kuwa huvunjika ghafla.

Lakini chuma hakileti usalama kwa kuitwa chuma. Jambo la kwanza la kuangalia ni unene. Bomba la kawaida la jukwaa lina kipenyo cha milimita 48.3, na kwa nje bomba lenye ukuta wa milimita 4 halitofautiani na lenye ukuta wa milimita 3.2, ingawa la kwanza lina uzito wa karibu kilo 4.4 kwa mita na la pili karibu kilo 3.6. Fremu zilizochomelewa mtaani kwa bomba la fenicha ni nyembamba zaidi ya hapo. Tazama mdomo wa bomba, pima unene wake, na angalia mahali palipochomelewa: uchomeleaji ulioacha matundu au uliokaa juu juu bila kushika chuma cha chini ni sababu ya kurudisha fremu kwa mwenye nayo kabla hazijashushwa kwenye gari.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu, ni kwamba fremu hukodiwa bila mbao na bila reli. Mteja analipia mifupa ya jukwaa. Sehemu ya kusimama anaijaza mwenyewe kwa mbao za inchi moja zilizobaki kwenye fomu za kumwagia zege la lenta, mbili au tatu, zikiacha pengo pana kila upande. Kwa utaratibu wa Uingereza, ubao wa jukwaa wenye unene wa milimita 38 haupaswi kuvuka nafasi inayozidi mita 1.5 kati ya mihimili inayoushikilia, na wa milimita 50 unaweza kuvuka hadi mita 2.6. Ubao wa inchi moja haumo kabisa katika hesabu hiyo. Kwa lugha ya saiti zetu, mbao za jukwaa ni za inchi mbili kwa nane, zimepangwa zikigusana mpaka zijaze upana wote, hazina fundo kubwa katikati, na hazijawahi kutumika kwenye zege kiasi cha kushindwa kuonekana nyufa zake.

Reli ya kujikinga iwe karibu mita moja juu ya mbao, iwe na reli nyingine katikati, na chini kuwe na ubao wa ukingo wa kama sentimita 15 unaozuia tofali au nyundo isimshukie aliye chini. Jukwaa la chuma lisilo na vitu hivi ni hatari kuliko la mirunda lenye navyo. Hapo ndipo uamuzi wa wengi unapokosewa: wanalipa zaidi ili wapate chuma, kisha wanabana matumizi kwenye mbao na reli, ambazo ndizo zinazomzuia mtu asianguke.

Tatu ni upepo. Kiangazi cha Dodoma, hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, kina upepo unaovuma mchana kutwa, na kisulisuli cha vumbi kinaweza kuinua bati au kupeperusha turubai bila kutoa taarifa. Kanuni ya kufuata kwa jukwaa lililosimama peke yake ni kwamba urefu wake usizidi mara tatu ya upana wake mdogo wa chini. Fremu yenye upana wa mita 1.2 isipite mita 3.6 bila kufungwa kwenye jengo, na baada ya hapo ifungwe kila inapopanda kama mita nne. Anayetundika turubai au wavu wa kuzuia vumbi afunge kwa kukaribiana zaidi, kwa kuwa turubai linabeba upepo wote kama tanga la jahazi na kuupeleka kwenye fremu. Jukwaa la mirunda halikwepi kanuni hii, ila kwa kuwa kwa kawaida huegemea ukuta na nguzo zake hufukiwa, watu hulifunga hata bila kujua sababu.

Chuma pia hupitisha umeme. Kiwanja kikiwa chini au karibu na laini, TANESCO waitwe waangalie kabla fremu ya kwanza haijasimama, na hapo hata mti wenye unyevu usichukuliwe kuwa salama.

Gharama, kwa jinsi zinavyokwenda

Sitaji bei kwa sababu hubadilika, lakini namna fedha zinavyotoka haibadiliki. Mirunda hununuliwa mara moja na baada ya hapo haidai. Fremu hudai kila siku iliyopo saiti, na wanaoumia ni wale ambao fedha za saruji hukatika katikati ya kazi: jukwaa linabaki limesimama, kodi inakimbia, na mwisho mwenye nyumba analibomoa upande mmoja ili apunguze idadi ya fremu. Kwa hiyo anayejenga kwa kudunduliza asikodi fremu mpaka awe na vifaa vyote vya hatua hiyo. Akishakuwa navyo, kazi huenda haraka zaidi kwenye fremu, kwa sababu fundi haogopi anaposimama na haendi kutafuta msumari kila anapohama. Gharama ya mtu kuvunjika uti wa mgongo nayo huingia kwenye hesabu hii, na wanaoibeba kwa kawaida ni familia yake.

Mkanda wa usalama

Wapo wanaonunua mikanda wakidhani wameshapata mbadala wa jukwaa. Tuanze na aina. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai kumdaka anayeanguka, kwa kuwa nguvu yote hukusanyika tumboni na mgongoni; Marekani iliupiga marufuku kwa matumizi hayo tangu Januari 1, 1998. Unaofaa ni ule wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani, na kamba ikiunganishwa mgongoni.

Hesabu ya urefu ndiyo inayosahaulika. Kamba ya kawaida ina mita 2. Kifyonza mshtuko kilichoshonwa kwenye kamba hufunguka hadi mita 1.75 zaidi. Kutoka mgongoni hadi miguuni kuna kama mita 1.5, na inatakiwa ibaki mita moja ya tahadhari. Jumla ni mita 6.25 chini ya pale kamba ilipofungwa. Mwashi aliye juu ya slebu ya kwanza, mita tatu kutoka chini, akifunga kamba usawa wa kifua chake, ana mita nne na nusu tu, kwa hiyo atafika chini kabla mkanda haujamaliza kumdaka. Kwa nyumba ya ghorofa moja, basi, mkanda una maana ukiwa na kamba fupi inayomzuia mtu asifike ukingoni kabisa.

Mahali pa kufungia nako ni tatizo. Marekani inataka sehemu hiyo iweze kubeba karibu kilo 2,270 kwa kila mtu. Nondo iliyochomoza, reli ya jukwaa au fito ya mrunda si mahali pa kufungia. Na mtu akishaning'inia lazima ashushwe upesi, kwa kuwa mikanda ya mapajani huzuia damu kurudi moyoni. Saiti isiyo na ngazi ndefu wala mtu aliyepangwa kumfuata haijakamilisha kinga hiyo.

Mkanda una nafasi yake kwenye kupaua, mahali ambapo jukwaa haliwezi kufuata kila kenchi, yaani kila fremu ya paa, na kwenye kusimika au kubomoa jukwaa lenyewe wakati reli hazijafungwa. Hata kwenye kupaua, njia bora zaidi ni kupunguza muda wa kukaa juu: kenchi ziungwe chini na kupandishwa zikiwa kamili, na bati zisibebwe juu mchana wa upepo.

Namna ya kuchagua kwa kazi uliyo nayo

Kwa nyumba isiyo na ghorofa, tumia mirunda au stendi fupi za chuma, mbao zijaze upana, na usiruhusu mtu asimame juu ya mapipa wala ndoo za rangi. Kwa ghorofa moja naona fremu ndizo zinazofaa, hasa kama kazi inaangukia kiangazi. Anayelazimika kutumia mirunda afunge kwa waya, aongeze mishazari, na asiache jukwaa moja likae miezi bila kufungwa upya. Kwa ghorofa mbili na kuendelea sioni hoja ya mirunda kabisa, isipokuwa ndani ya vyumba kwa kazi ya dari. Sehemu za ngazi na mashimo ya slebu yazungushiwe reli au yafunikwe kwa mbao zilizopigiliwa, kwani wengi huanguka ndani ya jengo wakati wote wanatazama nje. Nondo zilizosimama chini ya sehemu ya kazi zifunikwe au zipindwe.

Kupanda kwenyewe kuwe kwa ngazi, inayotoka kwenye ukuta mita moja kwa kila mita nne za kimo na kuzidi usawa wa jukwaa kwa mita moja ili mtu apate pa kushika. Kupanda kwa kukanyaga mikasi ya fremu ni desturi iliyoenea ambayo msimamizi anaweza kuikomesha siku ya kwanza kwa kuleta ngazi.

Uchaguzi wowote utakaofanywa, unahitaji mkaguzi mwenye jina. Uingereza hukagua jukwaa kabla halijatumika, kisha kwa vipindi visivyozidi siku 7, na tena baada ya hali ya hewa kuliathiri. Kwa Dodoma ningeongeza asubuhi inayofuata usiku wa upepo na siku baada ya mvua ya kwanza. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na wajibu wa kuweka mahali pa kazi salama uko kwa mwajiri. Vilevile Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008, unachangiwa na waajiri, na saidia fundi wa kibarua aliyeajiriwa bila maandishi anapata shida kubwa kuthibitisha kwamba alikuwa kazini siku alipoanguka. Daftari la saiti lenye majina ya kila siku, linalotiwa saini asubuhi, ni la kuanza nalo.

Mwenye nyumba anapoandikiana na fundi mkuu, jukwaa liwe mstari wake peke yake katika mchanganuo wa gharama, likitaja fremu au mirunda, idadi ya mbao za inchi mbili, mita za reli, ngazi, na mtu wa kukagua. Likifichwa ndani ya bei ya kazi ya ufundi, fundi hulazimika kulipunguza ili abakiwe na ujira. Likiwa na mstari wake, linaweza kuhesabiwa siku linaposhushwa, na mwenye nyumba anaweza kukataa lisipande mpaka mbao zote alizozilipia ziwe zimefika.